Shazia, Kaseti na Ng'ombe Waliopaa

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za karakana. Nilikabidhi funguo saba, sanduku la bisibisi na shazia yangu ya kushonea marobota, ambayo macho yangu sasa hayawezi kuitunga uzi. Ninyi vijana mnaobaki mlininunulia kitenge, mkanipikia chai na maandazi, kisha mkataka niseme neno. Nikasema asante, nikakaa. Mkacheka kwa sababu mnanijua. Basi neno lenyewe ndilo hili. Nimeliandika polepole, ukurasa mmoja kwa siku, kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la saba na mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yamo kwenye faili, na sijawahi kuona faili likimfundisha mtu kazi. Nitaandika juu ya lile boksi lililo juu ya rafu, lenye mashine nyeusi ya vitufe vya mpira na kaseti moja ndani yake. Mmekuwa mkiliita redio ya babu. Si redio, wala si ya babu yeyote.

Niliingia kiwanda hiki cha kuchambua pamba hapa Bariadi katika miaka ile soko lilipofunguliwa. Kabla ya hapo pamba yote ilipita kwenye chama cha ushirika. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, mizani yao na kofia za bure, na viwanda vipya vikaanza kuita watu. Mimi niliitwa kushona. Robota likitoka kwenye mashine ya kukandamiza, likiwa limefungwa waya, sisi wanawake tulilivika gunia na kulishona ncha mbili kwa shazia, ile sindano nene iliyopinda kidogo.

Siku ya kwanza nilishona marobota manne. Aliyekuwa kulia kwangu alishona kumi na moja. Jioni msimamizi wetu, Mama Limi, alipita akivuta kila mshono kwa kidole. Kwangu alisimama.

"Wewe ni wa nani?" akauliza.

Nikamjibu nikiangalia chini.

"Ongea na mimi, mayu, usiongee na vidole vyako vya miguu. Nani kakufundisha kushona?"

Mayu kwa Kisukuma ni mama. Nikamwambia hakuna. Akaniambia mishono yangu ilikuwa imelingana yote, na kwamba haraka angeweza kunifundisha, lakini ulinganifu hata yeye hakujua ulikotoka. Nilibeba maneno hayo hadi nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Nilikuwa msichana wa aibu sana. Nikiamkiwa "Mwangaluka" asubuhi, jibu langu lilifika mtu akiwa ameshapita.

Haukupita msimu, mkuu wa mitambo akaja kusimama nyuma ya mstari wetu. Alikuwa Injinia Masunga, mtu mnene, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na moja tu iliyoandika. Alikuwa mtoto wa Sapiwi, hapo karibu. Alifanya kazi miaka mingi katika karakana za ndege mbali na nyumbani, akapata na leseni ya urubani hukohuko, kisha akarudi wakati kampuni binafsi zilipoanza kutafuta mafundi. Alitutazama tukishona karibu saa nzima. Kisha akanong'onezana na Mama Limi, nami nikajua nimefukuzwa.

Sikufukuzwa. Alinipeleka kwenye banda lililo nyuma ya ghala la mbegu, akafungua mlango, nikaona mifupa. Sijui niseme vinginevyo vipi. Palikuwa na mabomba ya chuma yaliyoungwa umbo la samaki, na kando yake mabawa mawili ya mbavu za mbao, wazi kabisa, kama ng'ombe baada ya harusi.

"Hii ni ndege," akasema. "Ya watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Inahitaji ngozi. Ngozi yake ni kitambaa, na kitambaa hushonwa kwenye kila ubavu. Mimi najua kushona, lakini mishono yangu haifanani."

Lazima niwaambie aliipataje, maana ndiko jambo lote lilikolalia. Ndege hiyo iliangukia pua kwenye kiwanja fulani upande wa ziwani, na mwenyewe akaiacha hapo. Injinia Masunga aliinunua na kuileta juu ya lori la pamba. Ili kuinunua aliuza ng'ombe wake kumi na wawili, waliokuwa kwenye zizi la mama yake. Sapiwi nzima ilijua. Kwetu mtu huuza pamba akanunua ng'ombe. Kuuza ng'ombe ununue chuma kilichopinda lilikuwa jambo la kumwitia mganga. Mama yake, Mayu Milembe, hakugomba wala hakulia. Alisema tu, "Siku ng'ombe wangu wakiruka, mtaniita nije niangalie." Tangu siku hiyo kila aliyekutana na Injinia sokoni alimuuliza ng'ombe wameota manyoya kiasi gani.

Na muda haukuwa mwingi. Wakurugenzi walimpa banda lile hadi msimu mpya uanze. Kama mkaguzi wa ndege asingeipitisha kabla ya hapo, ingetolewa nje, na tajiri mmoja wa Maswa alikuwa ameshakuja mara mbili kuiangalia injini, aifunge kwenye mashine ya kusaga mahindi. Mara ya pili alikuja na kamba ya kupimia.

Tulianza na bawa la kushoto. Tuliliinua wima. Injinia akakaa upande mmoja na mimi upande wa pili, hatuonani. Nilipitisha sindano ndefu yenye uzi uliopakwa nta, yeye akaipokea, akaizungusha ubavu, akairudisha, nami nikafunga fundo. Kati ya fundo na fundo ni vidole vinne. Kila mara aliuliza, "Tayari?" nami nilipaswa kujibu, "Tayari," ndipo avute. Kama uzi umekaa vibaya nilipaswa kusema, "Bado."

"Ukisema bado, mimi sivuti," aliniambia. "Hata nikiwa na haraka ya choo. Lakini ukikaa kimya nitavuta, na kitambaa kitachanika, na kosa litakuwa la ukimya wako."

Siku mbili za kwanza nilijibu kwa sauti ya mbu, akawa anavuta kwa kubahatisha, tukachana kitambaa mara tatu. Siku ya tatu nikaanza kusikika. Nadhani bawa lile lina mishono yapata mia tano, na kwenye kila mshono nililazimika kufungua mdomo. Hakuna shule iliyonifanyia hivyo. Tulipomaliza tukapaka dawa ya kukaza kitambaa, yenye harufu ya kulevya, tukakaa nje hadi ikauke. Injinia akaligonga bawa kwa kucha, likalia kama ngoma. Akanitazama akicheka peke yake. Wachungaji waliochungulia mlangoni waliona kitu cheupe chenye mabawa, wakakiita Yange, kwa jina la wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe malishoni. Jina likaganda.

Mashine ya vitufe vya mpira ilitoka mnadani. Katika miaka ile mitumba ilikuja na kila kitu, si nguo tu. Muuzaji hakujua ni nini. Alimwambia Injinia ni taipureta ya viziwi kwa kuwa haipigi kelele. Injinia aliitambua mara moja. Ilikuwa kompyuta, ya zamani hata wakati huo. Tuliichomeka kwenye televisheni ya kantini, tukaiunganisha na redio ya kaseti, na jenereta ya kiwanda ikaipa uhai. Programu zake zilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida kama sauti. Ukiipiga kwenye redio ilipiga yowe jembamba la kuumiza meno. Ukiipigia kompyuta, ilielewa. Sauti ikizidi haielewi, ikipungua haielewi. Nilitafuta kiwango chake kwenye kitufe cha sauti kwa siku mbili, kisha nikaweka alama kwa rangi ya kucha ya Mama Limi. Alama hiyo bado ipo kwenye redio iliyo ofisini, nimewaona mkijiuliza.

Kumbukumbu ya mashine ile ni ndogo kuliko ya simu zenu za tochi, na iliyafahamu maneno machache tu ya Kiingereza. Hilo lilinifaa, kwa kuwa nami niliyafahamu machache. Tulilingana. Nilijifunza kuiandikia maagizo, mstari kwa mstari, kila mstari na namba yake. Niliipenda kwa sababu haikunikodolea macho nikifikiri. Ukikosea ilikwambia umekosea mstari gani, ikangoja. Wakati wa chai, wenzangu wakipiga soga, mimi nilikuwa mbele ya televisheni nikijaribu kuifanya ijumlishe.

Injinia alinipa kazi ya kweli. Ndege ni kama mzega, alisema. Ukibeba ndoo mbili kwenye mti begani, haitoshi kujua uzito wake. Lazima ujue kila ndoo iko umbali gani kutoka begani. Ndege nyepesi iliyopangwa vibaya ni hatari kuliko nzito iliyopangwa vizuri. Mkia ukizidi, pua inaelekea mbinguni na haisikii usukani. Basi nikaandika programu. Ukiiambia uzito wa rubani, wa abiria, wa mafuta na wa mizigo, inazidisha kila kimoja kwa umbali wake, inajumlisha, inagawanya, kisha inasema bega limeangukia wapi. Kama limeangukia mahali salama, mstari wa mwisho unaandika neno moja kwenye televisheni. Injinia aliniachia nichague neno. Niliandika TAYARI.

Ilibaki kupima ndege yenyewe ikiwa tupu. Tuliiburuta hadi kwenye mizani ya marobota, tukapima gurudumu moja moja, la kushoto, la kulia na lile dogo la mkiani. Karani wa mizani alikuwa Mzee Ndaki, mtu wa tai kila siku, hata siku za vumbi. Hakuna mkulima wala mkurugenzi aliyewahi kumkuta na kosa. Alisoma, akaandika kwenye daftari lake, akanitajia namba, nami nikazitia kwenye programu. Niliirekodi tena na tena hadi kaseti ikajaa pande zote mbili, kisha Injinia akavunja vile vibanzi viwili mgongoni mwake, ili isiweze kurekodiwa tena juu yake, akaandika YANGE kwenye karatasi yake. Hakunakili hesabu mahali pengine. Alitaka mkaguzi aione mashine ikifanya kazi kwa macho yake. Ndilo jivuno pekee nililomjua nalo.

Kiwanja kilitutoa jasho. Udongo wa hapa mnaujua: mvua ikinyesha unashika kiatu, jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza gurudumu. Tulimwaga kifusi cha changarawe kwenye nyufa, lakini kililala kama unga, na hatukuwa na mashine ya kushindilia. Aliyetuokoa ni Mayu Milembe. Alikuja kwa miguu kutoka Sapiwi, akaangalia, akamwambia mwanawe kwamba amesoma hadi akasahau zizi linakuwaje gumu. Kesho yake asubuhi wachungaji walileta makundi matatu. Walitembeza ng'ombe kwenda na kurudi juu ya kiwanja kile siku tatu mfululizo, huku sisi tukimwagia maji kwa mapipa. Siku ya nne ungeweza kupura mtama pale. Injinia alipomshukuru, mama yake alisema hakufanya kwa ajili yake; amefanya ili wale kumi na wawili wasivunjike miguu wakishuka.

Mkaguzi alituma habari kwamba angefika siku fulani mchana. Asubuhi ya siku hiyo nilifungua boksi la mashine nikakuta kaseti haipo.

Saa mbili akaingia Shija, dereva wetu wa lori la kwanza, kijana mcheshi asiyejua kununa. Alikuwa nayo mkononi.

"Dada Kabula, nimekurudishia kaseti yako. Wabeja, asante sana."

"Uliichukulia nini?"

"Si ilikuwa imeharibika? Niliipiga jana kwenye gari, inalia kama panya aliyebanwa mlangoni. Nikasema isipotee bure. Nimerekodia mashindano ya ngoma, pande zote mbili. Ngoja usikie mtunzi wetu anavyomtia aibu mwenzake."

"Shija, vibanzi vilikuwa vimevunjwa."

"Ndiyo, nikajaza karatasi. Kwani wewe unajazaje?"

Kila mtu Bariadi alijua kujaza karatasi kwenye kaseti iliyovunjwa vibanzi. Ndivyo tulivyorekodi ngoma juu ya nyimbo za mitumba tusizozielewa. Mimi na Injinia tulidhani tumetia kufuli. Kwa watu wote wengine tulikuwa tumeacha mlango wazi.

Injinia alikaa juu ya pipa la oili, akaomba kaseti ipigwe. Tukasikiliza ngoma, makofi, na mtunzi akimwambia mpinzani wake kwamba jembe lake limeota kutu akilitazama. Shija alikuwa ameshaelewa amefanya nini, na uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Anaimba vizuri," Injinia akasema wimbo ulipokwisha. Kisha akanigeukia. "Unaikumbuka programu?"

Niliikumbuka. Nilipokuwa nikishona bawa la kulia nilikuwa nikiisoma kichwani, mshono mmoja mstari mmoja. Nilimwambia mistari ninayo, ila namba za mizani sina. Akaniambia nikazichukue kwenye daftari la Mzee Ndaki.

Daftari la mizani lina safu tatu. Ya kwanza ni uzito wote, ya pili ni uzito wa gunia na waya, ya tatu ni uzito halisi baada ya kutoa gunia na waya. Nilitafuta ukurasa, nikaona mwandiko mzuri wa Mzee Ndaki: gurudumu la kushoto, gurudumu la kulia, gurudumu la mkia. Mbele ya kila moja, katika safu ya pili, palikuwa na namba ileile iliyoandikwa mbele ya kila robota. Siku ile alinitajia safu ya tatu.

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu mzima kwamba amekosea.

"Mzee," nikasema, "siku ile ndege ilivikwa gunia?"

"Kila kinachopanda mizani hii hutolewa gunia na waya. Ndiyo taratibu. Miaka yote…" Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. "Haikuwa na gunia."

"Haikuwa nalo, mzee."

Akaninyoshea daftari zima. "Mwambie Injinia mapema. Useme ni Ndaki. Usiseme ni mizani."

Nilikimbia bandani nikaanza kuandika. Nadhani sijawahi kuandika haraka vile, kabla wala baada. Nilitia namba za safu ya kwanza. Magurudumu ya mbele hayakusumbua sana, lakini kilo chache kwenye mkia, mbali vile kutoka begani, zilisogeza uzito wote nyuma. Nikamweka Injinia mbele na mtu mwenye mwili kama wake nyuma. Mashine ikafikiri. Neno langu halikutokea.

Niliponyanyua kichwa, banda lilikuwa limejaa. Mkaguzi alikuwa amewahi. Mtu mrefu, kitambi cha heshima, suruali ya rubani yenye zipu nyingi, Kiswahili laini cha Dar es Salaam. Nyuma yake walikuwa wakurugenzi wawili, Mama Limi, wachungaji mlangoni, na yule tajiri wa Maswa aliyekuja kwa bahati mbaya, na kamba yake. Injinia alikuwa ameshamwonyesha mkaguzi mishono, injini na kiwanja, na mkaguzi alikuwa amefurahi. Alikuwa akisema twende tu, yeye atakaa kiti cha nyuma, wazunguke mara moja, na karatasi ataisaini wakishuka. Injinia aling'aa kama mtu aliyeona ng'ombe wake wakirudi. Alinitazama juu ya vichwa vya watu.

"Tayari, Kabula?"

Watu wote wakageuka. Nilijua nikikaa kimya atavuta.

"Bado," nikasema.

Nadhani alinisikia vizuri, maana hakuuliza mara ya pili. Alikuja hadi kwenye televisheni. Nikamweleza, na kwa kuwa banda lilikuwa kimya, nikawaeleza wote: gunia, waya, mkia, kiti cha nyuma. Nilisema ni Mzee Ndaki, kama alivyoagiza, na Mzee Ndaki mwenyewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema ni kweli. Mkurugenzi mmoja akaanza kusema kwamba kumbe mambo hayakuandaliwa. Mkaguzi akamnyamazisha kwa kiganja. Aliomba daftari, akakaa juu ya boksi, akapiga hesabu zote upya kwa kalamu yake. Tulimngoja kama watu wanaongoja mvua. Tajiri wa Maswa aliikunja kamba yake na kuikunjua.

"Binti yuko sahihi," mkaguzi akasema mwishowe. "Mimi na tumbo hili tungekaa kule nyuma, tungeondoka kwenda juu na tusingejua kurudi." Akanyanyuka. "Ndege nyingi nimeona zimeandikwa vizuri. Sijaona mara nyingi watu wakijikamata wenyewe mbele yangu."

Aliipitisha kwa sharti. Rubani aruke kwanza peke yake, na ndani ya ndege kibandikwe kibao kwamba abiria wa nyuma asizidi kilo sitini. Kibao hicho, kilichobaki hapa ndege ilipowekewa kipya, ndicho kile cha mbao mnachowekea vikombe, tafadhali muache. Kisha mkaguzi, kwa kutaka tu kujua, akapanda mwenyewe juu ya mizani ya marobota. Mzee Ndaki akasoma uzito wake kwa sauti. Mkaguzi akamsihi safari hii atoe hata magunia mawili. Mzee Ndaki akasema taratibu zimebadilika.

Wachungaji walifukuza ng'ombe kiwanjani. Injinia alipaa peke yake, akazunguka mara moja, akashuka kwa kurukaruka kidogo kama jogoo, na hakuna aliyepumua hadi propela iliposimama. Halafu akaita mtu mwenye kilo zisizozidi sitini. Mama Limi akanisukuma mgongoni. Nilikuwa na kilo arobaini na tisa, bila gunia.

Mngependa niwaeleze Simiyu inaonekanaje kutoka juu. Ukweli ni kwamba kwa dakika za kwanza niliangalia mishono ya bawa la kushoto tu. Niliifahamu yote. Ule wa karibu na mlango, tulipochana kitambaa mara ya tatu, ulikuwa umekaza vizuri. Nilipoona haifumuki ndipo nikaangalia chini. Mashamba ya pamba yalikuwa yamepasuka meupe. Ng'ombe walikuwa kama choroko zilizomwagika. Mbali kabisa, upande wa Mwamanyili, ziwa lilimetameta kama bati jipya. Tulipita juu ya Sapiwi, na watu wakatoka majumbani wakasimama bila kupunga mikono, maana hawakujua kama inaruhusiwa. Injinia alipiga kelele kushinda injini, akisema nishike fimbo ya usukani iliyo kati ya magoti yangu. Akaniuliza kama niko tayari. Nilipiga kelele ya kumjibu hadi koo likauma, kisha nikacheka, kisha yeye akacheka, na ndege ikayumba kidogo kwa sababu ya vicheko vyetu, ikatulia.

Tuliposhuka, Mayu Milembe alikuwa ameshafika. Shija alikwenda kumchukua kwa lori, mbio, nadhani ili kulipia kaseti. Watu wakampisha. Alizunguka ndege yote. Akapiga ubavu wake kwa kofi, kama anavyopigwa ng'ombe aliyenunuliwa mnadani. Kitambaa kikalia. Akaukamata mkia, akautikisa. Mwanawe mwenye miaka zaidi ya hamsini alisimama mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Mayu, ndio hawa," Injinia akasema.

"Nawaona," akasema mama yake. "Wameshiba. Na maziwa je?"

Hapo hata mkurugenzi alicheka. Yeye hakucheka. Lakini kabla ya kuondoka aliuliza, kwa sauti ya chini, kama kiti cha nyuma kinamfaa mtu mwembamba. Wiki iliyofuata alipanda. Alishuka akisema kijiji chake kina mabati machache kuliko watu wanavyojisifu, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa Sapiwi aliyeuliza tena habari za manyoya.

Yange iliruka miaka tisa. Ilileta mikanda ya mashine kutoka Mwanza wakati wa msimu, mara moja ikatua kwenye uwanja wa mpira wa Shishiyu na kusimamisha mechi, timu iliyokuwa ikifungwa ikafurahi sana. Mimi niliruka nayo mara nyingi, nikashika fimbo mara nyingi, leseni sikupata kwa kuwa redio ilitaka Kiingereza kirefu kuliko cha mashine yangu. Injinia alipozeeka, alimwachia ndege kijana mmoja wa Arusha mwenye mikono safi. Nilishona upya bawa la kulia kabla haijaondoka. Kompyuta kubwa zilipokuja ofisini, na baadaye ndogo, nilizifungua zote na kuzifunga zote. Mnajua wenyewe. Hakuna iliyonifundisha kitu kipya baada ya ile ya vitufe vya mpira, isipokuwa kwamba siku hizi zinakosea haraka zaidi.

Mzee Ndaki alilinakili lile kosa kwa wino mwekundu ukurasa wa kwanza wa kila daftari jipya, hadi alipostaafu. Ndiyo maana mizani yetu ina swali lile ambalo wageni hulicheka, lile la kumuuliza mtu kama amevaa gunia. Endeleeni kuliuliza.

Kuhusu kaseti, msiitupe, wala msijaze karatasi mgongoni. Nimezitoa karatasi za Shija. Ukiipiga upande wa pili utasikia ngoma, makofi, yule mtunzi na jembe lake, kisha kimya kidogo. Ngoma ilikwisha kabla kaseti haijaisha. Baada ya kimya hicho linatoka yowe jembamba, la muda mfupi, ambalo Shija hakulifikia. Ni kipande cha mwisho cha programu yangu ya kwanza. Ninyi mtasikia panya mlangoni. Mimi, kila ninapoisikiliza, nasikia mstari wa mwisho, na najua umeandikwa neno gani.